Dhahabu Ina Mizani, Mchoro Hauna

Kila nipitapo karibu na soko la madini hapa Kahama, jicho langu huvutwa na kitu kile kile: mizani ndogo iliyowekwa ndani ya kisanduku cha kioo, ili upepo wa feni, au hata pumzi ya mtu aliyeinama kutazama, usije ukaitikisa na kumdhulumu muuzaji au mnunuzi. Punje ya dhahabu isiyozidi kichwa cha njiti ya kiberiti huwekwa humo kwa staha, namba husomwa kwa sauti, bei ya siku hutazamwa, mrabaha wa Serikali hukatwa, stakabadhi huandikwa, na mtu aliyetoka duarani, yaani katika shimo la uchimbaji, na vumbi hadi kwenye kope huondoka akijua kwa yakini jasho lake limepimwa kiasi gani na limelipwa kiasi gani.

Kisha narudi kwangu Nyahanga, na usiku, taa za majirani zikiwa zimekwisha kuzimwa, huona dirisha moja lenye mwanga. Humo hukaa kijana ambaye kazi yake ni kuchora picha za makala za magazeti na majarida. Si mwajiriwa wa gazeti lolote. Ni mchoraji wa kujitegemea, ambaye leo hupata kazi kwa mhariri wa Dar es Salaam, kesho kwa mwenye jarida la kilimo Mwanza, na keshokutwa asipate kwa mtu yeyote. Nimekuwa jirani yake kwa miaka kadhaa, na katika muda wote huo sijapata kumwona akilipwa kwa mizani. Hulipwa kwa huruma, kwa mazoea, kwa bahati, na mara nyingi kwa ahadi.

Rai yangu naiweka mbele mapema, ili msomaji asipate taabu ya kuitafuta. Mchoro wa gazeti ni kauli kama ilivyo kauli ya mwandishi, na ni mali kama ilivyo mali ya mchimbaji. Kwa hiyo mchoraji wa kujitegemea anastahili mambo yale yale tuliyokwisha kukubali kuwa ni haki katika biashara ya madini: bei inayojulikana kabla ya kazi, siku ya malipo iliyoandikwa, jina la mwenye mali juu ya mali yake, na mrabaha kila mali hiyo inapoleta faida. Lau mambo hayo manne yangalikuwa mageni kwetu, ningaliyaleta kwa haya na tahadhari. Walakini si mageni. Sisi watu wa ukanda wa dhahabu, tangu Kahama hata Geita, tunayajua na tunayatenda kila siku juu ya jiwe. Tumeshindwa tu kuyatenda juu ya mtu.

Usiku mmoja wa kazi

Naomba msomaji aingie nami katika chumba kile ajionee. Ujumbe wa mhariri aghalabu huingia kwenye simu alasiri inapoegemea magharibi: "Kaka, habari za kazi. Tuna makala ya zebaki kwa wachimbaji wadogo, ukurasa wa katikati. Tunaomba picha kesho saa nne asubuhi." Katika ujumbe huo mna mada, mna ukurasa, mna saa. Bei hamna, wala siku ya malipo hamna. Na kijana, ambaye kodi ya chumba inamkaribia, huona haya kuuliza, maana amekwisha kujifunza kwamba mchoraji aulizaye bei mapema huitwa msumbufu, na msumbufu hapigiwi simu mara ya pili.

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya mchoraji huanza pale kalamu inapogusa karatasi. La hasha. Huanza kwa kusoma. Husoma makala mara ya kwanza apate kuielewa, na mara ya pili apate kulitafuta lile jambo moja ambalo mwandishi amelizunguka kwa maneno elfu bila kulionyesha. Kisha huchora rasimu ndogo ndogo, kila moja haizidi kisanduku cha kiberiti, tatu, nne, hata saba, na karibu zote hutupwa. Katika makala ile ya zebaki, rasimu ya kwanza iliyomjia, kama ambavyo ingemjia yeyote, ilikuwa fuvu la kichwa na mifupa miwili. Akaikataa. Aliniambia kesho yake, tukiwa tumesimama mlangoni, "Mzee, fuvu lipo hata kwenye pakiti ya sumu ya panya. Jicho limelizoea, haliogopi tena."

Alichokichora badala yake ni jiko la mkaa. Kila aishiye huku anajua jinsi dhahabu ya wachimbaji wadogo inavyopatikana: mawe husagwa kwa karasha, unga wake huoshwa, zebaki hutiwa ikazinasa chembe za dhahabu na kufanya nazo donge, na donge hilo likichomwa moto zebaki hupaa ikawa mvuke, dhahabu ikabaki. Kila aishiye huku anajua pia kwamba uchomaji huo haufanyiki mgodini peke yake. Wako waufanyao nyumbani, juu ya jiko lile lile lipikialo chakula. Basi kijana akachora jiko moja, juu yake kikaango chenye donge, na chini kando yake sufuria ya uji wa mtoto, imeepuliwa na kuachwa wazi ipoe. Na mivuke miwili ikapanda pamoja, ikisokotana kama nywele zisukwazo, hata mtu asiweze kusema upi ni wa uji na upi ni wa sumu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na mengi mazuri yameandikwa mintarafu ya hatari hiyo. Lakini sijapata kusoma sentensi iliyonifahamisha kwa upesi na kwa uchungu kama lilivyonifahamisha jiko lile.

Na hiyo ni nusu tu ya kazi. Mchoro wa penseli hupitishwa wino, hupigwa picha kwa simu, husafishwa doa baada ya doa, hutiwa rangi. Umeme ukikatika kazi husimama, bando likiisha kazi husimama, na bando ni la mfukoni mwake. Saa saba za usiku picha hutumwa. Saa mbili asubuhi jibu hurudi: tangazo limechukua nusu ya ukurasa, kwa hiyo picha iliyokuwa ya kulala sasa iwe ya kusimama, tena kabla ya saa nne. Picha ya kulala haifanywi ya kusimama kwa kuizungusha, kama vile nyumba ya vyumba vinne haifanywi ghorofa kwa kuinua ukuta mmoja; sharti ijengwe upya tangu msingi. Kijana huijenga upya. Malipo ya ujenzi huo wa pili hayapo, na wala hayatajwi.

Urithi, si ugeni

Wako watakaosema kwamba picha katika maandishi ni anasa iliyokuja na mashine za kuchapa, jambo la wageni tuliloliiga, na kwamba mtu asilalamike akikosa ujira katika anasa. Historia yetu haikubaliani nao. Michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ilikuwapo kabla hatujaona karatasi wala wino wa dukani. Huku Usukumani, chama cha Bayeye, mabingwa wa nyoka, kilikuwa na desturi ya kuchora picha katika kuta za ndani za nyumba zake, wanafunzi wakafunzwa elimu ya chama kwa macho na kwa masikio pamoja. Na mwaka 1953 Hans Cory alichapisha kitabu kizima juu ya michoro hiyo. Babu zetu walijua, kabla ya mhariri yeyote, kwamba kuna mafunzo ambayo neno peke yake haliyabebi.

Magazeti yalipokuja, picha haikubaki nyuma. Chakubanga wa Christian Gregory, aliyetokea katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, alipendwa hata na wasiojua kusoma, na jina lake likaenea kiasi kwamba wengi walizoea kuiita katuni yoyote chakubanga. Ng'ambo ya mpaka, Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha na kuwaonya Waswahili wa Kenya kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1970 likaja jarida la Sani, na watoto wa wakati ule, ambao leo ni watu wazima wenye mvi, bado wanawakumbuka wahusika wake Ndumilakuwili na Lodilofa kama mtu akumbukavyo jamaa wa ukoo. Akaja Kingo wa James Gayo. Akaja Kipanya, panya mdogo mwenye maswali makubwa. Vizazi vitatu vya Watanzania vimefunzwa kuwacheka wakubwa bila kuwatukana, na kujicheka wenyewe bila kujidharau, na walimu wa somo hilo walikuwa wachoraji.

Taifa lililolelewa na picha namna hii limewapa nini walezi wake? Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1969, alihamia Nairobi mwaka 1992 kwenda kuchora katika Daily Nation, na huko ndiko jina lake lilikokulia hata likajulikana duniani. Ali Masoud, mchoraji wa panya yule, ambaye nchi nzima humwita Masoud Kipanya, amekuwa mtangazaji wa redio pia, na Machi 2022 alionyesha hadharani gari la umeme alilolibuni. Nawaheshimu wote wawili kwa dhati, na kila mmoja ana njia yake aliyoichagua. Funzo ninalolichukua mimi ni hili: katika wachoraji wetu mashuhuri, mmoja alikipata kiti chake nje ya nchi, na mwingine hakuufanya uchoraji kuwa mguu wake wa pekee wa kusimamia. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kileleni, bondeni kukoje?

Jina lililokatwa kwa mkasi

Wiki tatu baada ya picha ya jiko kuchapishwa, niliiona ukutani katika ofisi moja mjini, ambayo sitaitaja. Ilikuwa imekuzwa ikawa bango, na maneno mengine yameandikwa juu yake kuwaonya akina mama juu ya zebaki. Kazi njema, na mahali pema. Lakini katika pembe ya chini ya kulia, pale kijana alipoweka sahihi yake, herufi mbili na mwaka, palikuwa pamekatwa. Nilipomweleza jioni ile sikumwona akikasirika kama nilivyotazamia. Alitabasamu kidogo, akasema, "Angalau imefika, mzee." Neno hilo lilinihuzunisha kuliko hasira, kwa kuwa hasira ni dalili ya mtu anayejua kuwa ana haki, na yeye alikuwa amekwisha kuzoea kuishi kama asiye nayo.

Naye anayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haina kigugumizi katika jambo hili. Mchoro hulindwa tangu unapozaliwa, pasipo kungoja kusajiliwa; mchoraji ana haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi, na haki ya kupinga kuharibiwa kwa kazi yake; na haki za kiuchumi, isipokuwa ameziachilia kwa mapatano, hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sheria, kwa maneno mengine, inamwona kijana yule wa Nyahanga kuwa mwenye shamba litakalowafaa wajukuu wake, ilhali sisi tunamwona kuwa kibarua wa siku moja.

Hapa ndipo neno mrabaha linaponijia, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo mzizi wake ni faida. Kahama hakuna asiyelijua. Mrabaha wa dhahabu, uliokuwa asilimia 3, ulipandishwa hadi asilimia 4 kwa sheria ya mwaka 2010, na hadi asilimia 6 mwaka 2017, juu yake ikawekwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Na hoja ilikuwa kwamba mali iliyotoka katika ardhi ya Watanzania haifai kuondoka bila kumwachia mwenye ardhi fungu lake. Hoja hiyo ni ya haki, na wengi wetu tuliishangilia. Basi je, mali iliyotoka katika kichwa cha Mtanzania yafaa kuondoka hivi hivi, ikatundikwa ukutani, ikachapwa juu ya fulana, ikasambazwa katika simu elfu, na mwenye kichwa asiachiwe hata jina lake?

Wanamuziki wamekwisha kuonja. Januari 2022 COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, iligawa mirabaha kwa wenye nyimbo zilizopigwa katika redio na televisheni, na japo wapo waliolalamika kuwa mafungu ni madogo, msingi uliwekwa: kazi ikitumika tena, mwenyewe hukumbukwa tena. Mgao ule ulikuwa wa muziki. Picha bado inangoja zamu yake.

Nyumba inayongoja

Gazeti likichelewa kulipa, anayelala na deni ni mke wa mchoraji. Ndiye anayekwenda dukani kwa Mangi asubuhi kuomba sukari iandikwe daftarini, na ndiye anayesoma usoni mwa Mangi kwamba ukurasa umejaa. Ndiye anayemwambia mtoto kuwa sare mpya itakuja mwezi ujao, mwezi ambao nao una mwezi wake ujao. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na sidhani kama walisema kwa mfano tu. Walisema kwa sababu waliyaona matumbo.

Tuchukue hesabu ndogo ya kielelezo. Tuseme picha moja ina ujira wa shilingi 60,000, nazo zinalipwa miezi mitatu baada ya kuchapishwa. Kodi ya zuio ya asilimia 5 hukatwa, maana gazeti linaloisahau siku ya malipo haliisahau kodi hiyo; hubaki 57,000. Lakini mwenye chumba hangoji miezi mitatu, basi kijana hukopa 60,000 katika ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kweli, kausha damu, kwa riba tuseme ya asilimia 20 kwa mwezi. Miezi mitatu ya riba ni 36,000. Fedha ya gazeti ifikapo, katika 57,000 kilicho chake ni 21,000, na humo hajatoa bando, wino, wala usiku mmoja wa maisha yake. Hivyo zaidi ya nusu ya ujira imemwendea mkopeshaji ambaye hakuchora hata mstari. Nani basi aliyeifanyia kazi picha ile? Mchoraji. Na ilimfaidi nani?

Fauka ya hayo, maisha yasiyo na tarehe huifunga milango ambayo nchi imeifungua. Tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023; tunayo NSSF inayopokea michango ya watu waliojiajiri. Hizo ni neema, nami sizibezi. Lakini mchango una tarehe, na kipato cha mchoraji hakina. Naye hawezi kuahidi kwa mwezi kile ambacho yeye mwenyewe ameahidiwa kwa "tuvumilie kidogo".

Ndiyo sababu mchana humwona juu ya ngazi, mbele ya saluni au duka la vipuri vya pikipiki, akichora bango. Na hapo pana jambo ambalo naomba wahariri walitafakari. Mwenye saluni, ambaye huenda hakumaliza shule ya msingi, humpa arubuni kabla brashi haijachovywa, na humalizia kabla ngazi haijaondolewa ukutani. Hajui sheria ya mwaka 1999; anajua tu kwamba mtu aliyefanya kazi ana njaa jioni ile ile. Gazeti lenye mhasibu na mwanasheria huomba subira ya miezi mitatu. Katika wawili hao, ni nani anayestahili kuitwa msomi?

Hoja za upande wa pili

Insafu yanitaka nisikilize na upande wa pili. Wenye magazeti husema kwamba nakala hazinunuliwi kama zamani, matangazo yamehamia kwenye simu, na kwamba hata wao wanaishi kwa kukopa. Ni kweli, nami nawasikitikia. Lakini gazeti halichapwi bila karatasi, na muuza karatasi halipwi kwa subira. Halichapwi bila umeme, na umeme hununuliwa kabla. Dhiki ya gazeti, basi, haigawanywi sawa kwa wote. Hushushwa ngazi kwa ngazi hata ikamfikia asiye na mtu wa kumshushia. Mnyonge hana haki, husema walimwengu wakidhani wanasimulia tu desturi ya dunia, kumbe wanaikiri dhambi.

Wengine hunena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchoraji akiwa hodari, wateja watampanga foleni na bei atajipangia mwenyewe. Methali hiyo ni ya sokoni, mahali ambapo mnunuzi na muuzaji wanatazamana. Mchoraji wa Nyahanga hamwoni mnunuzi wake, hajui mwenziwe wa Mbeya analipwa ngapi, wala hajui picha yake itatumika mara ngapi. Hivyo ndivyo alivyokuwa mchimbaji mdogo kabla ya mwaka 2019, alipouza kwa dalali gizani na kuamini namba aliyotajiwa. Je, tulimwambia mchimbaji kwamba dhahabu nzuri yajiuza? Hatukumwambia hivyo. Mwaka ule Bunge lilimwondolea kodi ya zuio ya asilimia 5 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 katika mauzo yake, na masoko ya madini yakaanza kufunguliwa, Geita ikitangulia, bei ikawekwa mahali ambapo kila mwenye macho aweza kuisoma.

Na sasa kuna hoja mpya, nayo husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda: akili unde huchora kwa dakika moja, tena bure. Nimeziona picha hizo katika makala za uchimbaji. Nimeona mzee mwenye kofia pana akichekecha mchanga kando ya mto wa maji meupe, kama katika sinema za Marekani, chini yake makala ikieleza maisha ya mchimbaji wa Kahama. Mashine hiyo haijapata kulisikia karasha likisaga usiku kucha, haijui duara ni nini, na haijamwona mama akiepua uji kando ya donge la zebaki. Wala haiwezi kukataa fuvu la kichwa; italichora kila mara, kwa sababu ndilo lililochorwa mara nyingi. Msomaji akipewa picha isiyomjua, ataacha kuitazama picha, na baadaye ataiacha makala, na mwisho ataliacha gazeti. Kisha wenye gazeti watauliza wasomaji wamekwenda wapi.

Tuweke mizani

Ninayoyaomba si makubwa. Kwa wahariri naomba karatasi moja, au hata ujumbe mmoja wa simu, unaotaja mambo manne kabla kalamu haijaguswa: kazi ni ipi, bei ni ngapi, italipwa siku gani, na picha itatumika wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mchoraji laweza kuanza kwa mistari minne. Naomba arubuni, hata iwe robo, kama afanyavyo mwenye saluni. Picha ikibadilishwa kwa sababu ya tangazo, badiliko lihesabiwe kuwa kazi; na jina la mchoraji liwekwe chini ya picha kwa herufi zile zile zinazotumika kwa jina la mwandishi.

Kwa Serikali na COSOTA naomba kwamba mrabaha ulioanza kwa nyimbo uifikie na picha, na kwamba yule kijana anayepata 60,000 kwa usiku wa jasho atazamwe kwa jicho lile lile la huruma ambalo mwaka 2019 lilimtazama mchimbaji mdogo. Kwa wachoraji wenyewe nina neno la mzazi: ulizeni bei bila haya, andikeni kila kazi na tarehe yake, na mwambiane ukweli juu ya mnacholipwa, kwa kuwa siri hiyo haimlindi yeyote ila mlipaji. Na kwako wewe msomaji, unayepokea picha katika simu na kuipeleka kwa kundi la ndugu, usiikate pembe. Zile herufi mbili ulizodhani ni doa ni jina la mtu.

Mafunzo ya dini zetu kubwa mbili yanakutana katika jambo hili kwa namna ya ajabu: Waislamu wamefunzwa kwamba ujira wa mfanyakazi utangulie kukauka kwa jasho lake, na Wakristo wamefunzwa kwamba ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hata asubuhi. Nchi yenye misikiti na makanisa mengi kama yetu haiwezi kusema haikuambiwa.

Ninapoyaandika haya ni usiku, na dirisha lile lina mwanga. Leo ni wiki ya kumi na nne tangu picha ya jiko ichapishwe. Bango lingali ukutani mjini, pembe yake imekatwa. Mchoraji hajalipwa.